Kiwanja Kitupu cha Ghorofa Nne

Katika nchi ambayo jina lake halitajwi mpaka mtajaji apate kibali, na ambako ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya ukarabati, ilitungwa sheria nzuri sana. Sheria hiyo ilisema kwamba hakuna mtu, kampuni wala jeshi litakaloruhusiwa kujenga chochote kabla wataalamu hawajakwenda kukitazama kiwanja, wakahesabu miti yake na ndege wake, wakapima maji yake, wakawauliza wenyeji wanaonaje, kisha wakaandika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Wafadhili wa ng'ambo waliisoma wakatokwa machozi ya furaha. Bunge liliipitisha kwa kauli moja, kwa kuwa Bunge hilo lina kauli moja tu.

Palikuwa na tatizo dogo, dogo kiasi kwamba hata kulitaja ni uchokozi. Jeshi, kwa bidii yake inayojulikana, lilikuwa limeshajenga. Kule Chemka, juu kabisa ya chemchemi iliyokipa kijiji jina lake, palisimama makao mapya ya Kikosi cha Uhandisi: ghorofa nne, rangi ya kijani, madirisha ya vioo, bendera juu. Sheria ilipotoka, rangi ilikuwa imekwisha kukauka na mapazia yametundikwa.

Serikali nyingine ingebomoa, au ingeomba radhi, maana ziko serikali zisizo na uvumilivu. Ya nchi hii haikubabaika. Waziri wa Ulinzi aliwakusanya makamanda akawaeleza kwa upole kwamba serikali haivunji sheria. Kama haivunji sheria, basi haikujenga kabla ya tathmini. Na kama haikujenga, jengo halipo. Litakuwepo siku ripoti itakapopitishwa, jiwe la msingi likawekwa na mafundi wakaanza kazi kwa utaratibu. Kabla ya hapo, kila askari anapaswa kukiona kiwanja kama kinavyojulikana kisheria, yaani kitupu. Makamanda walipiga saluti. Alasiri ile ile agizo lilifika Chemka, na askari wa ghorofa ya nne wakajulishwa kwamba wanakaa hewani. Waliitikia "Ndiyo, afande," wakaendelea kupiga pasi.

*

Mtaalamu aliyepewa kazi ya kupanga na kuandika tathmini aliitwa Nyamizi Kalugendo, wa Idara ya Mazingira. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na kasoro moja kubwa kikazi: akiulizwa anaona nini, husema anachokiona. Kasoro hiyo aliipata chuoni. Ofisini walimvumilia nayo kwa kuwa miaka yote alikuwa akipelekwa kwenye viwanja vya masoko na machinjio, ambako ukweli haumsumbui mkubwa yeyote. Safari hii alitumwa yeye kwa sababu wenzake wote waliugua ghafla siku majina yalipobandikwa ukutani, na wawili kati yao walileta cheti kimoja cha ugonjwa.

Mkurugenzi wake, Bwana Kasyupa, alimshika bega akamwambia kwamba hii ni heshima. Nyamizi alimuaga mumewe, Lutengano, mwalimu wa jiografia, na binti yao Sekela, aliyekuwa darasa la pili na hakubali kusukwa nywele na mtu mwingine isipokuwa mama yake. Aliwaahidi kwamba atarudi kabla shule hazijafungwa. Lutengano alimtania kwamba mke wake anakwenda kuwafundisha wanajeshi majina ya ndege. Walicheka wote watatu, na gari la Idara likaondoka.

Getini alipokelewa na Sajini Chilongola, mtu mnene mwenye adabu, ambaye hakumwomba kitambulisho wala hakupekua begi lake. Alimuuliza swali moja tu.

"Mama, unaona nini mbele yako?"

Nyamizi alifurahi kukutana na askari anayejua kazi. Hivyo hasa ndivyo tathmini inavyoanza. Aliweka begi chini, akatazama bila haraka kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyofundishwa, akajibu kwamba anaona jengo la ghorofa nne la rangi ya kijani, uwanja wa zege, na maji yanayotoka chini ya mlango mkubwa.

Sajini alimtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtu aliyekwenda msibani bila kujua kwamba marehemu ni wa kwake. Kisha akamfungulia geti, akalifunga nyuma yake, na kuzungusha ufunguo mara mbili.

*

Mkuu wa kambi, Kanali Ngaruko, alimpokea mbele ya mlango mkubwa, mahali ambapo yeye alipaita ukingo wa kiwanja. Alikuwa mrefu, ananukia sabuni nzuri, na alizungumza kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alimweleza Nyamizi utaratibu. Mtu anayeliona jengo kabla ya wakati wake anakuwa mtunza siri ya taifa. Hafungwi, hapigwi, hatukanwi. Anakaa kambini kwa heshima zote mpaka jengo litakapokuwepo. Siku hiyo anatoka zake, maana hatakuwa tena ameona kitu ambacho wengine hawakioni.

"Kwa hiyo nikimaliza ripoti natoka," alisema Nyamizi.

"Ripoti ikipita, jengo litakuwepo. Likiwepo, unatoka. Yote yako mikononi mwako, mama. Sisi ni watumishi tu wa sheria."

Nyamizi aliona mambo hayakukaa vizuri, lakini aliona pia mlango: aandike, ipite, aende nyumbani. Alipewa chumba ghorofa ya tatu, chenye kitanda, meza na dirisha linaloangalia geti. Kwenye funguo paliandikwa "Hema Namba Tisa". Kioo cha dirisha hakikufunguka, isipokuwa kipande cha juu, ambacho Sajini alimweleza kuwa ni mwanya wa hema.

Siku zilizofuata alijifunza desturi za mahali. Askari wakipanda ngazi hawasemi wanapanda, husema wanatembea. Aliyejigonga ukutani huandikiwa na mganga wa kambi kwamba amepigwa na upepo, na alikuwepo kuruta mmoja aliyepigwa na upepo hadi akang'oka meno mawili. Watunza siri wengine walimkaribisha vizuri: msoma mita wa umeme, muuza mafagio, na mpiga picha za harusi aliyekuwa amepotea njia. Wote walikuwa watu wa kusema kweli, na ghorofa ya tatu ilikuwa na mazungumzo matamu kuliko mahali pengine popote nchini.

Ghorofa ya chini ilikuwa na maji. Chemchemi haikuwa imepata agizo la Waziri, kwa hiyo iliendelea kutoka palepale ilipokuwa ikitoka tangu mababu, ikipita katikati ya sakafu ya chumba cha mapokezi. Kila asubuhi kikosi kizima kilisukuma maji kwa mafagio ya muuza mafagio. Nyamizi alipouliza, Kanali alimwambia kwamba ni umande. Eneo hilo, alisema, lina umande mwingi, na angependa ripoti ilitaje jambo hilo kama kivutio.

*

Sheria ilidai wananchi washirikishwe. Jeshi halikuwa na kinyongo na wananchi. Wanakijiji wa Chemka waliitwa, wakapangwa foleni getini, na kila mmoja akaulizwa na Sajini swali lake. Nyamizi aliwatazama kutoka dirishani. Wazee, vijana, wenye watoto mgongoni, wote walijibu bila kupepesa macho, kisha wakaingia kwa mlango mkubwa, wakapandisha nguo juu ya vifundo kupita kwenye umande, na kukaa kwenye viti vya ukumbi wa ghorofa ya pili.

Kanali alifungua mkutano kwa hotuba. Aliwaambia kwamba wamekusanyika leo katika uwanda huu wa wazi, chini ya anga hili la buluu, na akaonyesha dari kwa fimbo yake. Serikali, alisema, inafikiria siku moja kujenga hapa kitu fulani, na kabla haijaweka hata tofali moja imeona iwasikilize wananchi wake, kwa kuwa serikali isiyosikiliza ni sawa na redio isiyo na betri. Ukumbi ulipiga makofi. Feni ya darini iliendelea kuzunguka bila kujitambulisha.

Aliyetangulia kusimama kuchangia alikuwa Bi Sigolela, mpika togwa wa kijiji hicho, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha njano. Alisalimia vizuri, akasema yeye hana malalamiko, ana hofu tu.

"Nahofia mkija kujenga, mtajenga nyumba ya kijani," alisema. "Nahofia ukuta wake wa nyuma utakaa juu ya jicho la chemchemi, pale penye jiwe jeupe. Nahofia mfereji wetu utakauka msimu wa kupanda, na mimi nitakuwa nateka maji kule Mlowa, na punda wangu atafia njiani, kwenye mteremko wa pili, akiwa na madumu manne mgongoni."

Kanali alimsifu kwa kuona mbali. Akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano, huyo punda anaitwa nani.

"Aliitwa Msafiri," alisema Bi Sigolela, kisha akajirekebisha bila haraka. "Tutamwita Msafiri, mheshimiwa. Akizaliwa."

Wengine nao walisimama na hofu zao. Mmoja alihofia kwamba shamba lake la mboga lingekuwa limegeuka uwanja wa gwaride. Mwingine alihofia kwamba mwanawe angekuwa ameajiriwa kubeba zege la jengo hilo na hadi leo angekuwa hajalipwa. Nyamizi aliandika kila neno, na moyo ulimuuma, maana alikuwa hajawahi kusikia watu wakililia kitu chao kwa lugha ya matarajio namna ile, kwa ustadi, kila mtu akipima sentensi yake kabla ya kuitoa. Alielewa kwamba watu hawa wamefanya mazoezi.

Baadaye, wakati wa soda, Bi Sigolela alimsogelea kwenye kona.

"Mwanangu, wewe sikuoni ukitoka na gari lenu. Ulijibuje pale getini?"

"Nilisema naona jengo, mama."

Bi Sigolela alishusha chupa yake. "Uliulizwa na mwanajeshi unaona nini, ukasema unachokiona?"

"Ndiyo."

"Nani alikulea?"

Hakusema kwa ubaya. Alimpapasa mkono, akamwambia kwamba atamwombea, halafu akaenda kupanga foleni ya kutoka, ambako kila mmoja alitakiwa kuthibitisha tena kwamba alikuwa ameketi kwenye nyasi.

*

Nyamizi aliketi mezani kuandika. Sheria ilimtaka apime njia tatu: kujenga hapo, kujenga kwingine, au kutojenga kabisa, kisha apendekeze moja. Jibu la kitaalamu alilijua tangu aone maji chini ya mlango. Lakini alifikiri habari za Sekela, ambaye bila shaka sasa alikuwa anakwenda shule na nywele timutimu, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alidanganya. Aliandika kwamba mradi unaweza kuendelea hapo hapo, kwamba athari zake ni ndogo na zinadhibitika, na kwamba chemchemi ni ya kawaida tu. Alitia sahihi haraka, asiisome tena. Aliona aibu kiasi kwamba chakula cha mchana kilimshinda. Alimpelekea Kanali ripoti huku akijiambia kwamba aibu ni kitu ambacho mtu anaweza kwenda nayo nyumbani.

Kanali aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye pendekezo, uso wake ulibadilika.

"Mama, tumekukosea nini?"

Nyamizi hakuelewa. Kanali alimweleza kama baba anavyomweleza mtoto aliyevunja sahani. Ripoti ikisema jenga hapa, Waziri atakuja kuweka jiwe la msingi, na atakuja na wafadhili, na wafadhili wanapiga picha. Watataka kuona kiwanja kitupu. Sasa hapa kambini kila mtu anakiona kitupu, lakini watu wa ng'ambo hawajapata mafunzo hayo. Kwa hiyo jeshi litalazimika kulibomoa jengo ili lipate mahali pa kulijenga. Na ripoti ikisema jenga kwingine, litalazimika kuwa na majengo mawili, moja lipo na moja halipo, na askari ni walewale.

"Basi mnataka niandike nini?" aliuliza Nyamizi.

"Sisi hatuingilii taaluma," alisema Kanali. "Rudia tu, ukiongozwa na dhamiri yako."

Ndipo Nyamizi alipopandwa na hasira, hasira ya kweli, ile inayomfanya mtu apoe badala ya kuwaka. Kama hata uongo wake haukufaa, basi wapewe ukweli. Aliandika ripoti bora kuliko zote za maisha yake. Aliandika habari za chemchemi na mfereji, mikuyu iliyokatwa kama mikuyu ambayo ingekatwa, vyura, ndege, bustani za mboga, na hofu zote za wanakijiji, hata ya punda. Akapendekeza njia ya tatu bila kumung'unya maneno: mradi huu usijengwe. Aliisoma tena yote, akatia sahihi. Alishuka ngazi akijisikia msafi kwa mara ya kwanza tangu alipoingia getini, akisubiri kutukanwa, au kufungwa kabisa.

Kanali alisoma mpaka mwisho. Alifunga ripoti, akavaa kofia yake, akasimama wima, na kumpigia Nyamizi saluti. Machoni alikuwa na machozi.

*

Nchi nzima ilisikia habari hizo redioni. Waziri wa Ulinzi alitangaza kwamba serikali, baada ya kuzingatia ushauri wa kitaalamu wa mwanamama shupavu, imekubali kwa asilimia mia kutojenga chochote Chemka, si leo, si kesho, si milele, ili kuilinda chemchemi kwa faida ya vizazi vijavyo. Aliuliza ni jeshi gani lingine duniani lingeweza kujinyima makao makuu kwa ajili ya vyura. Wafadhili walituma tuzo, chura wa kioo aliyekaa juu ya jani la shaba, na chura huyo akawekwa kwenye chumba cha mapokezi, ambako umande ulimfika magotini. Bwana Kasyupa alipandishwa cheo kwa kuwa aliwahi kumshika bega mtaalamu mwenyewe. Kuhusu jengo, hakukuwa tena na haja ya kulisubiri. Lilikuwa haliwezi kukaguliwa, kudaiwa, kulalamikiwa wala kubomolewa, na jeshi halijapata kuwa na jengo zuri kama hilo.

Nyamizi alifunga begi lake. Msoma mita na muuza mafagio walimsindikiza hadi mwisho wa ngazi, wakampa salamu za majumbani kwao. Alifika getini, akamwambia Sajini Chilongola kwamba kazi imekwisha na anaomba afunguliwe.

Sajini alivua kofia. Alionekana kuwa mtu ambaye hakupenda zamu yake ya siku hiyo.

"Mama, aliyeona jengo anatoka siku jengo litakapokuwepo."

"Ndiyo. Ripoti imepita."

"Imepita," alisema Sajini. "Imesema jengo lisiwepo. Milele."

Nyamizi alisimama pale na begi mkononi. Alifungua mdomo apinge, akatafuta mahali pa kuanzia, na kila sentensi aliyoianza kichwani ilirudi kwenye sahihi yake mwenyewe. Alikwenda kwa Kanali. Kanali alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamwambia kwa masikitiko ya dhati kwamba yeye binafsi angependa aende nyumbani hata sasa hivi, lakini atatoka wapi? Kibali cha kutoka kinauliza mtu anatoka mahali gani, na hapa ni mahali ambapo kisheria hapana kitu na hapatakuwa na kitu. Mtu hawezi kutoka mahali ambapo hayupo. Kisha akamuuliza kama anaweka sukari.

Alirudi Hema Namba Tisa. Alikaa kitandani, mikono magotini. Hakulia siku hiyo. Alilia siku iliyofuata, na nyingine, na watunza siri wenzake walimwachia nafasi, maana kila mmoja wao alikuwa amepita hapo.

*

Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikakaribia kufungwa tena. Idara ilimwambia Lutengano kwamba mkewe yuko uwandani, na uwanda ni mpana. Alikwenda kwa Bwana Kasyupa mara nyingi mpaka mlinzi akawa anamwita shemeji. Mwishowe alipanda basi, akashuka Chemka, akaulizia njia kwa mama mmoja mwenye kilemba cha njano aliyekuwa akiuza togwa kidogo sana kwa bei ya juu sana. Mama huyo alimtazama usoni, akamkalisha chini, akamsemesha kwa muda mrefu.

Nyamizi alikuwa dirishani alipomwona akija barabarani. Alimjua kwa mwendo kabla hajaiona sura. Aliweka kiganja kwenye kioo, kisha akakumbuka swali, akakiondoa. Lutengano alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa mtu wa kueleza mandhari kwa furaha, mlima upande gani, mto unatokea wapi. Akisema anaona jengo, geti litafunguliwa na mke atampata mumewe, na Sekela atabaki nyumbani kwa jirani, hana baba wala mama, mpaka siku ambayo haitakuja. Nyamizi alitamani aonwe na mumewe kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Na alitamani kwa nguvu zile zile asionwe. Kupiga kelele kupitia mwanya wa hema asingeweza, maana anayegeuka akisikia sauti huulizwa amemsikia nani.

Lutengano alifika getini. Aliinua uso, na macho yake yakapanda ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakasimama hapo. Aliangalia dirisha lile.

"Bwana, nimekuuliza," alisema Sajini. "Unaona nini mbele yako?"

Sajini akashika funguo.

"Nyasi," alisema Lutengano.

Juu, nyuma ya kioo, Nyamizi aliachia pumzi. Alisema "ahsante, mume wangu," kwa sauti ambayo hata mpiga picha aliyekaa nyuma yake hakuisikia, na shukrani na uchungu vikamjaa pamoja, asijue kipi ni kipi.

Sajini, kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliuliza ni nyasi za namna gani. Lutengano alisema ni nzuri, ndefu, laini, za kufaa mbuzi wa maziwa. Akasema kwamba nyumbani ana mbuzi na malisho yamekuwa shida, na kama afande haoni vibaya, angeomba awe anakuja kukata kidogo. Nyamizi alisikia kila neno kupitia mwanya. Katika maisha yao yote hawakuwahi kufuga hata kuku.

Jambo hilo lilipandishwa kwa Kanali, na Kanali alilifikiria kwa makini. Kumkatalia mwananchi nyasi ni kusema kwamba nyasi hazipo. Kusema nyasi hazipo ni kusema kwamba pana kitu kingine. Zaidi ya hayo, wafadhili walikuwa wameandika kuuliza jamii inanufaikaje na eneo lililohifadhiwa. Kibali kilitolewa papo hapo, na Lutengano akaombwa apige picha na chura.

Akawa anakuja kila Jumamosi, na mundu aliouazima kwa Bi Sigolela na gunia la katani. Huchuchumaa kwenye zege chini kabisa ya dirisha, na kwa kuwa hajui kazi hiyo huushika mundu kama mtu anayetaka kuumenya muhogo. Anakata hewa, anaikusanya, anaijaza guniani. Huku akikata huongea na nyasi, na Sajini aliyesimama karibu naye humwacha, maana hakuna amri inayomkataza mkulima kuongea na nyasi.

"Sekela hajambo," huziambia. "Nimejifunza kumsuka mabutu mawili, yanapinda yote upande mmoja, lakini ameyakubali. Ananiuliza mama anarudi lini. Nimemwambia nimekuona. Nimemwambia umekonda kidogo."

Nyamizi husimama nyuma ya kioo, paji la uso limegusa kioo, mkono umeziba mdomo. Ana majibu mengi. Anataka kusema mabutu yaanzwe kutoka kisogoni. Anataka kusema kwamba anakula vizuri na asimtie mtoto wasiwasi. Lakini kiwanja kitupu hakijibu, na Sajini amefundishwa kusikiliza. Kwa hiyo huvumilia mpaka gunia lijae.

Likijaa, Lutengano hulifunga mdomo kwa kamba, na Sajini humsaidia kulitwisha kichwani, akiinama na kuguna pamoja naye, kisha humwambia pole kwa mzigo, na kwamba arudi wiki ijayo bila kukosa kwani nyasi za hapa zinaota upesi mno. Lutengano humshukuru na kuondoka. Hutembea taratibu, mkono mmoja juu ukishika gunia, shingo imebonyea. Nyamizi humfuata kwa macho mpaka pale barabara inapokata kona kwenye mikuyu iliyobaki, ambapo mtu wa getini hawezi tena kumwona, ila mtu wa ghorofa ya tatu anaweza. Humsubiri pale alitue gunia, akunjue shingo, alikunje akaliweke kwapani kama mtu mwingine yeyote mwenye gunia tupu.

Halitui. Huendelea nalo hivyo hivyo, ameinama, mpaka anapotoweka.